Mbuzi, kanga na sokwe: shajara ya kuchora na watoto tisa hapa Katuba, Lubumbashi

Kazi yangu ni kuandika mabango ya maduka. Miaka mingi nimechora vinyozi, chupa za soda na tairi za magari kwa rangi ya mafuta kwenye kuta za Lubumbashi. Likizo hii dada yangu aliniomba niwashike watoto wake Jumamosi asubuhi, wasizurure barabarani. Wa majirani wakafuata, wakafika tisa, wenye umri wa miaka 7 hadi 12. Nikaamua tuchore wanyama, kwanza kwa penseli, halafu kwa rangi za maji. Rangi za maji mimi mwenyewe sikuwahi kuzishika, na sehemu kubwa ya makosa yaliyomo humu yametoka hapo. Naandika kila hatua inapoisha ili mwenye watoto na lupango (ua wa nyumba) wenye kivuli aweze kufanya hivi bila kupoteza pesa nilizopoteza mimi.

Jumamosi, 6 Julai 2024

Vitu vya kuanzia: rimu moja ya karatasi nyeupe za kawaida za gramu 80, faranga 15,000; penseli 12, faranga 6,000; vifutio, faranga 3,000. Meza ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali chini ya mwembe. Ni majira ya baridi, kwa hiyo tulianza saa tatu, jua lilipokwisha kupasha ua.

Nilifanya kama ninavyofanya kazini. Nilitafuta picha ya mbuzi kwenye simu, nikaiweka katikati ya meza, nikawaambia waige. Saa nzima ilipita. Wote tisa walitoa mnyama mmoja yule yule: mwili kama mkate, miguu minne iliyonyooka kama ya meza, kichwa kimebandikwa pembeni, na yote hayo madogo kwenye kona moja ya karatasi. Binti mdogo wa dada yangu alitazama ya kaka yake akasema, "Hii haiko mbuzi, njo imbwa." Kaka yake akakasirika. Nikamuuliza binti amejuaje. Hakuweza kusema. Nilipojiuliza mimi mwenyewe, nami sikuweza kusema upesi, ingawa mbuzi nimewaona maisha yangu yote.

Picha ya simu ni ndogo kama kiganja, na imekwisha kubanwa ikawa bapa. Mtoto haoni mnyama pale, anaona alama ya mnyama, kisha anaandika alama aliyonayo kichwani. Kwa bango la bucha inatosha. Kwa mtoto anayejifunza kuona haitoshi hata kidogo.

Jumamosi, 13 Julai

Leo tulikuwa na mbuzi mwenyewe. Mama wa lupango wa pili anafuga watatu, akatuazima jike mweusi mwenye doa jeupe pajani. Tulimfunga kwenye mwembe, na kwa nusu saa tulihangaika bure. Anageuka, anavuta kamba, anapiga kelele. Watoto wanafuta kila mstari. Wawili walitoboa karatasi kwa kufuta.

Tiba ya kwanza ilikuwa kuwanyang'anya vifutio. Niliwapa vipande vya makala, yaani makaa, kutoka jikoni na karatasi ya mifuko ya saruji. Chukua tabaka la ndani, ulikung'ute na kulifuta vizuri kwa kitambaa, maana vumbi la saruji linawasha ngozi na macho. Nikahesabu hadi thelathini kwa sauti. Nikifika thelathini, kila mtu anaanza mchoro mpya kando ya ule wa kwanza. Makala hayakubali vitu vidogo vidogo, na muda ni mfupi, kwa hiyo mtoto analazimika kushika mgongo, shingo na tumbo kwa mistari mitatu au minne. Kufikia mchoro wa kumi hivi, mbuzi walianza kuinama na kutembea. Walijaza karatasi nzima pia, maana makala ni manene.

Tiba ya pili niliipata bila kuitafuta. Mwenye mbuzi alileta matembele, mbuzi akala akashiba, baadaye akalala chini akaanza kucheua. Mbuzi anayecheua hatikisiki ila taya. Tulipata karibu dakika arobaini za utulivu. Tangu hapo ratiba yetu ni hii: mnyama analishwa saa mbili, watoto wanachora makala kwa haraka akiwa amesimama, na penseli zinatoka akishalala.

Kosa lililonichukua muda mrefu zaidi ni mguu wa nyuma. Wote waliukunja kama mguu wa mtu, goti mbele. Nikawaambia wasimame kwa ncha za vidole, visigino juu, magoti yamekunjwa kidogo. Kisha waangalie mbuzi. Kile kiungo kinachochomoza nyuma, katikati ya mguu, ni kisigino chake. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, limefichwa na ngozi na manyoya. Mbuzi anatembea juu ya kucha. Mmoja mmoja walikwenda kumpapasa goti. Kuanzia siku hiyo sikumsahihisha mtu mguu tena. Hata mbwa wa njiani wanamkagua kisigino.

Na lile swali la mbwa na mbuzi wamelijibu wenyewe: mkia wa mbuzi ni mfupi na unasimama, masikio yanatoka kwa pembeni, na mboni ya jicho imelala kama tundu la kuwekea sarafu. Hii ya mboni aliiona mdogo kuliko wote. Niliwaeleza kwamba mboni iliyolala vile humwezesha mbuzi kuona upana mkubwa wa ardhi huku na huku akiwa ameinama anakula.

Jumamosi, 27 Julai

Siku ya kwanza ya rangi. Visanduku vitatu vya rangi za shule, kila kimoja rangi 12, jumla faranga 19,500. Brashi kumi za bei ya chini, faranga 7,000.

Karibu kila kitu kiliharibika, na nawajibika mimi. Niliwafundisha rangi ya maji kama rangi ya mafuta: shiba brashi, funika, ongeza tabaka. Karatasi ya gramu 80 ikavimba ikawa mawimbi, maji yakakusanyika kwenye mabonde, rangi ikakauka kwa madoa yenye ukingo kama ramani. Waliosugua walichubua karatasi ikatoa nyuzi. Brashi zikanyonyoka nywele ndani ya rangi. Na kwa kuwa mbuzi ni mweusi, wote walichukua nyeusi ya kisandukuni. Tukapata mashimo tisa meusi yenye pembe. Mtoto mmoja, ambaye penseli yake ilikuwa nzuri sana, alilia. Ile sura aliyoichora kwa uangalifu ilikuwa imezama. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, kwa sababu alifanya hasa nilichomwambia.

Usiku nilikaa na kisanduku kimoja peke yangu. Niliyoyaelewa ni haya. Kwenye mafuta mwanga unauweka mwishoni, kwa rangi nyeupe. Kwenye rangi za maji mwanga ni karatasi yenyewe, ukishaifunika hairudi. Kwa hiyo kazi inaanza kwa kuamua mahali ambapo brashi haitafika. Halafu unaenda kutoka hafifu hadi nzito, na kila tabaka likauke kabla ya linalofuata.

Jumamosi, 3 Agosti

Karatasi. Hapa ndipo pesa ziende, hata ikibidi kupunguza rangi. Nilipata mjini daftari mbili za Canson za gramu 224, karatasi 12 kila moja, faranga 34,000 zote mbili. Kila karatasi nimeikata mara mbili, zikawa vipande 48.

Hata gramu 224 inavimba ikilowa sana, kwa hiyo inatakiwa kuvutwa juu ya ubao. Nusu ya tripleksi (plaiwudi), faranga 12,000, imetoa mbao tisa. Utepe wa karatasi wenye gundi sikuupata, nikapika uji mzito wa unga wa ngano.

Jaribio la kwanza nilibandika karatasi kavu, ikavimba ilipolowa, kama vile sijafanya kitu. La pili niliilowesha dakika tano, nikapaka uji ukingoni upana wa kidole, nikaweka ubao juani ili ikauke upesi. Ilipasuka kutoka pembe hadi pembe, kwa kuwa jua lilikausha upande mmoja ukavuta mwingine. La tatu nililowesha vile vile, nikalaza ubao kivulini, sawasawa bila kuinamisha, usiku kucha. Asubuhi karatasi ilikuwa imekaza kama ngozi ya ngoma. Ukimaliza kuchora unakata ukingo kwa wembe, na hiyo ni kazi ya mtu mzima.

Jumamosi, 10 Agosti

Mbuzi mweusi bila rangi nyeusi. Nilitoa nyeusi kwenye visanduku vyote vitatu, nikazifungia kabatini. Walilalamika. Nikawauliza, mgongoni kwa mbuzi pale jua linapopiga, mnaona rangi gani? Kimya. Halafu yule aliyelia juma lile akasema, "Bleu." Ni kweli, manyoya meusi yanayong'aa yanachukua rangi ya mbingu. Na tumboni, karibu na udongo wetu mwekundu, kuna kahawia.

Tulichanganya buluu iliyokoza na kahawia nyekundu. Ukizidisha buluu unapata kijivu baridi, ukizidisha kahawia unapata weusi wa joto, na maji ndiyo yanayoamua uzito. Buluu iliisha upesi, nikanunua mirija miwili ya ziada, faranga 8,000. Nilinunua pia brashi tatu nzuri za mviringo, namba 8, faranga 15,000. Watoto tisa wanazipokezana bila shida, kwa sababu wengine wanasubiri rangi ikauke. Brashi moja nzuri yenye ncha inashinda kumi zinazonyonyoka. Usiiache imesimama ndani ya kikombe, ncha inapinda na hainyooki tena.

Vikombe viwili vya maji kwa kila meza: kimoja cha kuosha, kimoja cha kuchukulia maji safi. Tulipokuwa na kimoja tu, kila rangi ilikuwa tope ikifika saa nne.

Kazi tisa, saba nzuri. Doa jeupe la paja ni karatasi tupu kwenye zote tisa.

Jumamosi, 24 Agosti

Kanga, wa kuazima, ndani ya tenga. Manyoya ya kijivu yamejaa nukta nyeupe. Unaziachaje nukta mia kwa brashi namba 8? Kwa mshumaa. Unachora nukta kwa ncha ya mshumaa mweupe, unapitisha rangi juu, nta inaikataa rangi na weupe unabaki. Mishumaa, faranga 1,000.

Ugumu ni kwamba nta nyeupe kwenye karatasi nyeupe haionekani. Wawili walirudia mahali pale pale mpaka bawa zima likakataa rangi. Inua ubao usawa wa macho uelekee mwanga, nta itang'aa. Na usijaribu kuitoa nta baadaye kwa pasi ya makaa. Nilijaribu kwenye kazi moja, ikaacha doa la mafuta na harufu. Iache ilipo.

Wakati rangi ikikauka niliwasimulia. Mji huu ulipokuwa ukiitwa Élisabethville, mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana iliyoitwa Le Hangar. Hakutaka vijana waige picha za Ulaya; alitaka kila mmoja atafute mkono wake. Pilipili Mulongoy akachora ndege, samaki na nyoka kati ya majani. Mwenze Kibwanga akajaza picha zake kwa vistari vifupi vifupi. Bela alipaka kwa ncha za vidole. Na kabla yao, Bukama, kwenye reli hii hii yetu, Albert Lubaki na mkewe Antoinette walichora wanyama na watu kwa rangi za maji, baada ya Mbelgiji Georges Thiry kuona nyumba zilizochorwa kuta mwaka 1926, akawapa karatasi. Kazi za Lubaki zilionyeshwa Brussels mwaka 1929. Rangi za maji na wanyama, kutoka Katanga, karibu miaka mia iliyopita! Nilitaka wajue kwamba hili halikuja juzi kutoka kwenye simu.

Matokeo yake watano waliacha brashi wakamalizia kanga kwa vidole. Sikuwazuia. Vidole vinafaa sana kwa manyoya ya kifuani, rangi ikiwa bado na unyevu.

Jumamosi, 14 Septemba

Shule zimefunguliwa, mijakaranda ya mjini imechanua, na hewa imekauka kabisa. Rangi inakauka ndani ya brashi kabla haijafika karatasini. Tulikuwa tunachora kuku, na badala ya rangi kuyeyukiana shingoni kutoka dhahabu kwenda nyekundu, tulipata michirizi yenye kingo kali.

Nilichobadilisha: tunaanza saa moja asubuhi badala ya saa tatu, tunalowesha sehemu ndogo tu, shingo peke yake, kisha bawa peke yake, na asali matone mawili matatu katika maji ya kuchanganyia, kwa sababu asali inashika unyevu. Chupa ndogo, faranga 3,000. Nilizidisha mara ya kwanza, rangi ikabaki inanata siku mbili na sisimizi wakaijia. Matone mawili yanatosha kikombe.

Jumamosi, 5 Oktoba

Kahawia imekwisha kwenye visanduku vyote vitatu. Sikununua nyingine. Nyuma ya lupango kuna kichuguu kirefu kuliko nyumba, kama vilivyo vingi Katanga, na watu wanachukua udongo wake kufyatua matofali. Tulitwanga udongo, tukauchanganya na maji kwenye ndoo, tukaacha mchanga utue kwa muda wa kuhesabu mia, tukamimina maji mekundu kwenye beseni, tukayaacha siku tatu. Tope laini linalobaki chini ndiyo rangi.

Kinachoshikisha rangi kwenye karatasi kilitusumbua. Tope na maji matupu lilifutika kwa kidole. Tukapika wanga wa mhogo mwepesi sana. Ukashika vizuri, lakini siku ya tatu ukaota ukungu ndani ya chupa. Sasa tunapika kijiko kimoja tu asubuhi ile ile, na kinachobaki kinamwagwa. Kahawia hii haipatikani dukani. Mbuzi aliyechorwa kwa udongo aliosimama juu yake anakaa vizuri kwenye karatasi, sijui niseme vipi zaidi.

Kijana mmoja alileta jiwe la malakiti, kijani kibichi cha kupendeza, akataka tulitwange. Nilikataa, na nawaomba wengine pia mkatae. Malakiti ni madini ya shaba, na vumbi lake ni sumu kwa mtoto anayelivuta au kulilamba kwenye kidole. Tulilichora jiwe lenyewe.

Jumamosi, 26 Oktoba

Bustani ya wanyama ya Lubumbashi. Usafiri na kuingia, faranga 46,000, gharama kubwa kuliko zote, wazazi walichangia nusu. Humo ndani ndimo ilimo hifadhi ya J.A.C.K., iliyoanzishwa mwaka 2006 kuwatunza sokwe wadogo walionyang'anywa wafanyabiashara. Watoto hawakuwa wakijua kwamba mama za sokwe hao huuawa ili wadogo wauzwe. Walichora kimya kuliko siku zote.

Kosa langu: nilibeba rangi, mbao na chupa za maji. Hakuna mahali pa kuviweka, watu wanapita, maji yalimwagika juu ya karatasi mbili zilizokwisha kuvutwa. Peleka penseli na karatasi za kawaida tu. Zile za gramu 80 za rimu ya kwanza zimefaa sana hapa.

Kosa lao: kila sokwe alikuwa mtu mwenye manyoya, miguu mirefu na mikono mifupi. Nikawaonyesha kupima kwa penseli, mkono umenyooshwa, jicho moja limefungwa. Mkono wa sokwe ni mrefu kuliko mguu wake, na akitembea anaegemea vifundo vya vidole, kwa hiyo mgongo unateremka kutoka mabegani. Walipopima, sokwe akatokea. Rangi tuliiweka nyumbani Jumamosi iliyofuata, kwa kukumbuka. Zimetoka dhaifu kidogo kuliko mbuzi, na sababu naijua: mbuzi tunaye kila wiki.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua zimeanza. Sasa tatizo limegeuka: tabaka la kwanza halikauki hata kwa saa moja, na karatasi zilizopangwa juu ya kabati zimepata madoa ya ukungu. Bati lilivuja usiku wa Jumatano, kazi sita zikaharibika, mbili kati yake kanga bora. Zilizobaki nimezitundika ndani kwenye kamba ya nguo, kila moja na kibanio chake, hewa ipite pande zote mbili. Wazazi walikuja jioni kuzitazama hapo hapo kambani. Baba wa yule aliyelia Julai alisimama muda mrefu mbele ya mbuzi wa mwanawe, akauliza nyeusi ile tumeinunua wapi. Mtoto alimjibu mwenyewe.

Hesabu yote hadi leo, na unga wa uji faranga 2,000, ni faranga 171,500, kama dola 60. Ningeanza upya nisingenunua zile brashi kumi wala visanduku vitatu. Kimoja na mirija ya buluu vingetosha. Vipande vya Canson vilivyobaki ni saba, kwa hiyo wiki ijayo wawili watachora makala.

Mnyama wa wiki ijayo ni bata. Ni wa baba wa nyumba ya kona, ameomba tumrudishe kabla ya saa sita, kwa kuwa ana vifaranga.